Simu Iliyolazwa Kwenye Majani ya Chai

Kila asubuhi, kabla ya kugusa unga, Nyambeki aliipiga kompyuta yake pampu. Ilikuwa pampu ya baiskeli, ile ya mkono, na mdomoni alikuwa ameifunga kipande cha mrija wa soda ili upepo utoke mwembamba. Aliilaza kompyuta kifudifudi kwenye meza ya kona, akaelekeza mrija kwenye matundu ya feni, akapiga mara tano, akangoja, akapiga tena tano. Unga wa chapati za jana ukatoka kama moshi. Alisema feni ikijaa unga mashine hupata homa, na mashine yenye homa haina akili. Baada ya hapo ndipo aliponawa mikono na kuwasha jiko.

Hoteli alimopika ilikuwa ya mabati, chumba kimoja na jiko nyuma, kando ya barabara inayoshuka kutoka kiwanda cha chai cha Mogogosiek. Ilikuwa ya Bethwel, mzee mwenye sauti ya chini ambaye hakupenda kusema kitu mara mbili. Nyambeki alikuwa mpishi wake mwaka wa sita. Lakini wachumaji walipomaliza chai ya saa nne, na maharagwe ya saa sita bado yako motoni, alikaa kwenye ile meza ya kona iliyo karibu na soketi, na watu wakamletea mashine zao zilizokataa.

Hakulipisha mtu. Kazi yake ni unga, alisema, hii nyingine ni raha yake, na nani alishasikia mtu akilipisha raha yake? Bethwel alimwachia kona na stima kwa sababu aliona mtu akingojea simu hunywa vikombe viwili badala ya kimoja.

Nyambeki alizaliwa Boito. Baba yake, Arasa, alikuja kutoka upande wa Kisii kuchuma chai, akazoea baridi, akabaki. Shule Nyambeki aliiacha darasa la saba. Kompyuta ya kwanza aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, imetupwa nyuma ya ofisi ya shamba, panya wamezalia ndani. Aliibeba kichwani kilomita nne, na watu njiani wakamuuliza kama ataipika au ataichoma. Aliiharibu mara tatu kabla haijawaka mara moja. Kiingereza chake kingi alikisoma kwenye kioo cha mashine hiyo, yale maneno yanayotokea kitu kikikwama, kwa hivyo alijua kusema mambo yameharibika kabla hajajua kusema habari ya asubuhi.

Maoni alikuwa nayo, na hakuyapunguza makali kwa sababu ya cheo cha mtu. Alisema zile programu za kusafisha simu ndizo uchafu wenyewe. Alisema mtu aliyeshindwa kupiga picha na kamera moja hatasaidiwa na nne. Mtu akimwambia betri lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe, alimuuliza kama yeye hungoja azimie ndipo ale. Siku moja alibishana na mwalimu wa kompyuta wa sekondari aliyesema ni kosa kubwa kuandika paswodi mahali popote.

"Andika kwa daftari, weka daftari kwa sanduku ya nguo," Nyambeki alimwambia, huku akigeuza chapati. "Mwizi wa hapa anakuja kuiba kuku, mwalimu. Daftari ataipeleka wapi? Lakini wewe umeweka mwaka uliozaliwa, na mwaka uliozaliwa uko kwa mlango ya ofisi yako, pale kwa kadi za birthday."

Mwalimu alicheka na wengine, lakini kabla ya kumaliza chai alikuwa ameinama juu ya simu, anabadilisha.

Jambo lililomshinda lilikuwa moja, majani ya chai. Simu za huku huloa sana. Mchumaji huiweka simu chini ya aproni ya plastiki, umande wa asubuhi unaipata, ikipona umande mvua ya saa nane inaimaliza. Na simu ikiloa, watu wa huku huizika kwenye kopo la majani makavu ya chai usiku mzima. Wana sababu zao. Wanaona kiwandani jinsi jani linavyonyang'anywa maji hadi likakauka likakunjamana, kwa hivyo wanasema jani kavu lina kiu, litayavuta maji popote yalipo. Nyambeki alikubali kwamba lina kiu. Kopo likiachwa wazi mwezi wa saba, wakati wa ukungu, majani yanalainika. Lakini alikuwa amechokora vumbi la chai kwa sindano kwenye matundu ya chaja ya nusu ya Mogogosiek, na kila mara alisema vilevile: izime, ipanguse, iegemeze mahali pakavu penye upepo siku mbili, majani yawachie sufuria. Walimwitikia ndiyo, wakaenda nyumbani, wakazika.

Bethwel alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Chepkosgei, alikwenda kufanya kazi ng'ambo, na sasa ulikuwa mwezi wa nne hajapiga simu wala kuandika. Mdogo, Chepkorir, alikuwa na miaka ishirini, akijifunza kushona kwa Janefer, fundi wa nguo ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa hoteli. Simu yake aliinunua kwa jasho la kuchuma. Nyambeki ndiye aliyemtengenezea ilipokuwa mpya, na walipofika mahali pa kuifunga, Chepkorir alichora kwenye kioo mchoro wake wa kidole wa kuifungulia bila kumficha. Bethwel alikuwa akipita na ndoo. Aliona kwamba mpishi wake ameona.

Basi, Alhamisi moja mvua iliwatoa wachumaji shambani mapema. Hoteli ilijaa, aproni zikichuruzika, miguu ya gambuti ikijipanga chini ya meza. Nyambeki alikuwa kwenye chapati Bethwel alipoingia na kopo la majani amelikumbatia kifuani. Aliliweka kwenye meza ya kona, akachimbua kwa vidole viwili, akatoa simu. Nyambeki aliitambua kwa kifuniko chake cha zambarau.

"Mama Vinny," alisema Bethwel, kwa kuwa ndivyo alivyomwita kwa jina la mwanawe, "hii ilianguka kwa maji jana. Imelala kwa majani usiku mzima. Sasa imewaka, lakini maji imesumbua akili yake, inaitisha mchoro. Hebu ifungue tuone kama picha zimeharibika."

Zack, mchumaji asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chapati mdomoni, aliuliza kama hayo ndiyo majani yaliyopika chai anayokunywa, maana leo alikuwa anaonja bando. Watu wakacheka. Bethwel hakucheka.

Nyambeki alipangusa mikono, akaichukua. Mikono yake ilifanya ilivyozoea bila kumuuliza. Ilitoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, ikasukuma kile kitundu cha ubavuni mwa simu, ikavuta kijisahani cha laini. Simu kama hiyo ina kibandiko kidogo humo ndani, cheupe. Maji yakikigusa hugeuka chekundu, na kikiwa chekundu hakirudi tena kuwa cheupe. Kila mtu mle ndani alikijua, kwa sababu kila mtu alishaonyeshwa chake. Cha Zack kilikuwa kimeiva kama nyanya.

Cha simu hii kilikuwa cheupe pe.

Angeweza kurudisha kijisahani na kunyamaza, na nusu ya moyo wake ilitaka hivyo. Lakini Zack alikuwa amenyoosha shingo.

"Mzee, hii haijaona maji," Zack alisema. Kisha akaona uso wa Bethwel, akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Bethwel hakukana. Alivuta kiti, akakaa karibu na Nyambeki, na kwa ile sauti yake ya chini akaeleza kilichomleta. Chepkorir siku hizi anapokea simu akiwa amesimama kwenye ua wa ng'ombe. Akiulizwa ni nani, anasema ni mtu. Chepkosgei alianza hivyohivyo, na huyo mtu alikuwa wakala wa kazi za ng'ambo, na pasipoti ilikuwa tayari kabla nyumbani hawajajua. Maelezo yake yalipofika kwa Chepkosgei, alikuwa anatazama kopo, hamtazami mtu. Jana aliichukua simu binti akikamua. Chepkorir anadhani ameiangusha nyasini, ameitafuta hadi giza likaingia. Alichotaka ni dakika tano tu, aone majina.

Nyambeki alimsikia. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa naye kwenye meza hiyo majuma mengi, wakiijaribu namba ya Chepkosgei kwa kila njia aliyoijua, na kila mara haikuingia. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wake, mfupi na rahisi: nimesahau mchoro. Angesema hivyo, kona ingebaki yake, na soketi, na kazi ya unga inayomlisha Vinny huko Boito kwa nyanya yake. Lakini simu ingerudi koponi, na kesho ingekuwa mbele ya fundi mwingine huko Kericho, na Chepkorir angekuwa bado anatafuta nyasini.

"Mchoro naujua," alisema. "Sifungui."

Bethwel aligeuza sikio kama ambaye hakupata vizuri.

"Sifungui, Baba Chepkorir. Mwenyewe akija akae hapa, aweke kidole yake, nitaangalia chochote mnataka. Bila yeye, hapana."

"Mimi ni baba yake."

"Basi muulize kama baba. Si huyo hapo ng'ambo, anashona."

Mama mmoja aitwaye Nyagaka, mchumaji wa siku nyingi na mtu wa kwao Nyambeki, alijaribu kuweka mambo sawa. Alimsihi kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili ili Bethwel naye asikie, kwamba mtoto ni wa mzazi hata akiwa na mvi, kwamba kazi ya kukaa penye joto haiokotwi, na kwamba mzee ana uchungu.

"Uchungu wake naujua," Nyambeki alijibu. "Wewe, mama, juzi si uliniachia simu yako hapa ukaenda kuchuma? Ilikuwa wazi. Nilisoma mambo yako?"

"Hukusoma."

"Ulijuaje?"

Nyagaka alizungusha kikombe chake mara mbili mezani. "Sikujua," akasema. "Niliacha tu."

"Haya. Ndiyo hiyo tu."

Bethwel aliinuka. Hakupaza sauti hata wakati huo, na ndiyo sababu kila mtu alimsikia. Alisema hoteli ni yake, na meza ni yake, na stima inayoingia kwenye hiyo kompyuta kila siku ni yake, na kwa miaka sita hakuwahi kumwomba Nyambeki kitu kisicho cha jikoni isipokuwa hiki kimoja.

"Ni kweli yote," alisema Nyambeki. "Lakini simu si yako."

"Nipe basi."

Mkono wa Bethwel ulikuwa umenyooshwa juu ya kopo. Nyambeki aliutazama. Ulikuwa mkono wa mtu aliyekama ng'ombe na kupogoa chai maisha yake yote. Nyambeki alirudisha kijisahani ndani ya simu hadi kikalia vizuri, akaishika mkononi, akaufunga mkono.

"Nampatia mwenyewe," alisema.

"Ukitoka na hiyo simu, usikanyage hapa tena."

"Sawa."

Alivua aproni ya unga, akaitundika kwenye msumari. Alichomoa chaja, akaikunja bila haraka, waya ukizunguka vidole vyake vinne, kwa sababu waya ukikunjwa kwa hasira hukatikia ndani, na yeye alishawaambia watu hivyo mara mia. Akaiweka kompyuta katika mfuko wa unga uliokung'utwa, akaufunga mgongoni kwa leso. Chapati ilikuwa inaanza kunuka.

"Geuza hiyo, Zack," alisema akipita.

Zack aliinuka akaigeuza kwa vidole, akaungua, akavinyonya.

Nje mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Nyambeki alivuka barabara. Chepkorir alikuwa kwenye cherehani, macho yamevimba, na alipoiona simu aliacha gurudumu lizunguke lenyewe. Aliuliza imepatikana wapi. Nyambeki alimwambia kweli, kwa maneno machache, na akamwambia baba yake yuko mlangoni anawatazama, na ana hofu, na amwendee amwambie huyo mtu wa simu ni nani, kama ni wa kuambiwa. Hilo ni lake mwenyewe kuamua.

"Lakini kwanza badilisha mchoro," alisema. "Hapa mbele yangu, nikiwa nimekupa mgongo. Hata mimi nisiujue."

Akageuka, akawatazama watu wa hoteli waliojazana mlangoni, Bethwel mbele yao, amelichukua tena lile kopo mkononi. Nyuma yake alisikia kidole kikipita kwenye kioo, mara ya kwanza, na mara ya pili ya kuhakikisha.

"Tayari, mama," Chepkorir alisema.

Nyambeki alikaza fundo la leso kifuani. Akashika barabara ya Boito, pembeni, pale pasipo na tope, na hoteli ile hakuikanyaga tena.