Karanga za Dawa Nilizotoa Kanisani

Nilisoma mpaka darasa la pili, basi. Mali yangu nimeipata kwa mgongo wangu. Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, nilikuwa nabeba magunia ghalani Nachingwea. Gunia la mbegu likipasuka, mnyapara alituachia tuzoe zilizomwagika. Alituonya: "Za kupanda hizo, zina dawa ya wadudu. Msile." Nikarudi kijijini kwetu Nandagala na kikapu kizima.

Kanisani kwetu, njaa ikibana kabla ya mavuno, mwenye chochote alileta kikapu kimefunikwa, akakiacha mlangoni alfajiri, asijulikane nani katoa. Baada ya ibada wazee wa kanisa waliwagawia wenye shida. Mwaka ule nilikuwa na mtama debe mbili. Nikautazama, nikauacha. Nikapeleka zile karanga, tena nikajisifu moyoni kwamba anayetoa mbegu ametoa zaidi kuliko anayetoa chakula.

Tukitoka ibadani mke wangu akauliza, "Umetoa nini?"

"Karanga."

Akasimama palepale njiani. "Zile za dawa? Na umewaambia?"

"Nimwambie nani, na kutoa kwenyewe ni kwa siri? Aliyezipata atapanda."

"Mwenye njaa apande! Mwanamume wewe, una akili kweli?"

Nikamrudia mzee wa kanisa mbio. Akasema kikapu cha karanga kapewa bibi wa Kimakonde, yule aliyevuka Ruvuma na wajukuu watatu, anayekaa mwisho wa kijiji. Nikakimbia na kanzu yangu ya Jumapili nimeikunja kiunoni. Harufu ya karanga ilinipokea kabla sijaona kibanda.

Bibi alikuwa anakaanga kwenye gae. Mjukuu mdogo anatafuna. Nikamkamata taya, nikamtia kidole kinywani. Bibi akainua ukuni.

"Kanisa limenipa, wewe unakuja kuninyang'anya?"

"Bibi, ni zangu hizo. Zina sumu."

"Zako?"

"Zangu."

"Kumbe Mungu ulimpa sumu."

Nikauliza mtoto kala ngapi. Tatu, au nne, na wenzake bado. Tukamnywesha maji mpaka akatapika. Kisha akalala mapajani kwa bibi yake, nami nikakaa chini kuangalia tumbo lake likipanda na kushuka. Nilitaka kuomba, nikaona haya. Majirani wakajaa uani, hakuna aliyenipa hata kigoda.

Jua lilikuwa limeinama mtoto alipoinuka. "Bibi, njaa."

Bibi akanigeukia. "Umesikia?"

Nikaenda nyumbani. Mke wangu alishamimina mtama kwenye gunia, debe zote mbili, na sikumuuliza sisi tutakula nini. Nikaubeba kichwani, nikautua mbele ya bibi. Hakuugusa.

"Tafuna kwanza wewe," akasema.

Watu wote wananitazama, mimi niliyezoea kusalimiwa kwanza. Nikachota konzi ya mtama mbichi, nikatafuna.

"Meza."

Nikameza. Ndipo akamwita mjukuu mkubwa alete kinu.