Mwanakamati Awe wa Mwisho

Madina hakwenda mkutanoni kujitolea. Hilo lijulikane mapema, maana siku hizi kule Busiu watu wanamsimulia kana kwamba alizaliwa na daftari la kamati kwapani. Uongo mtupu! Alikwenda kugomba.

Msimu uliopita mahindi yake yalioza. Yalioza yakiwa bado kwenye magunzi, ndani ya nyumba, huku mashine ya kupukuchua ya chama cha wakulima, Tuinuane, ikizunguka kwa mwenyekiti, kwa shemeji za mwenyekiti, na kwa majirani wa shemeji za mwenyekiti. Ilipofika kwake, mvua ilikuwa imeshamaliza kazi. Ikabidi jirani yake Wangila aje na mkokoteni, ayazoe akawape nguruwe wake. Madina, mjukuu wa askari wa Kinubi, Muislamu wa Namatala aliyeolewa Busiu, akakaa mwezi mzima akiwatazama nguruwe wale wakinenepa kwa jasho lake. Na Wangila ni mtu mwema, ila kunyamaza hajui. Kila akipita alimwambia, "Mama Shakira, wanakushukuru sana."

Aliapa kwamba mahindi ya mwaka huu hayaendi kwa nguruwe. Mkutano ulipoitwa, kwenye darasa la shule ya msingi, alisimama kabla hata sala ya kufungua haijafika kwenye amina. Akasema Kiswahili, lugha aliyokuzwa nayo. Sasa, kule Busiu Kiswahili si cha kubembelezana. Wazee wengi walikisikia kwanza kwa wanajeshi wenye bunduki, na mpaka leo ukikisema kwa sauti kubwa wanakaa wima.

"Mwanakamati awe wa mwisho!" Madina akasema, akigonga dawati. "Mashine ianze kwa mwanachama wa kawaida. Mwenye cheo angoje mpaka wote wamalize. Andikeni!"

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti, Bwana Geresom, hakupiga makofi, lakini alitabasamu kwa namna ambayo mtu mwenye akili zake angeiogopa.

"Wazo zuri sana," akasema. "Liandikwe. Na kamati ya mashine haina katibu. Nampendekeza Mama Shakira, kwa kujitolea."

Watu thelathini wakanyoosha mikono, wengine yote miwili. Madina akashukuru, akapokea daftari, akaondoka kifua mbele. Alikuwa amefika katikati ya njia ndipo alipoelewa alichojifanyia.

"Mungu wangu," akasema peke yake barabarani. "Nimejifunga kamba mwenyewe, na fundo nimelikaza."

Kesho yake akaenda kwa Geresom kujiuzulu. Akamkuta anawamwagia kuku pumba.

"Jiuzulu tu, Mama Shakira, hakuna ubaya," Geresom akasema. "Lete wa kushika nafasi yako."

Akazunguka nyumba kumi na moja. Kote walimkaribisha chai, na hakuna hata mmoja aliyekubali. Nani achukue cheo cha kukaa mkiani? Isitoshe, Tuinuane ilikuwa na desturi yake ya miaka mingi: anayelalamikia jambo ndiye anayekabidhiwa. Madina aliuliza kwa nini maturubai ya kuanikia yanapotea, akapewa kamati ya maturubai. Akauliza nani atanunua mahindi ya wanachama, akapewa kamati ya soko. Mume wake Rajab, mziba pancha pale senta penye maduka, mtu mpole asiyegombana hata na misumari, akamwomba kwa unyenyekevu.

"Mke wangu, mkutano ujao usiulize kitu chochote. Hata saa usiulize."

Kamati ya soko ikampeleka mpaka Jinja, mtaa wa Mafubira, kwa Omollo, Mkenya anayenunua mahindi kwa lori. Akamkuta anakula samaki, na Omollo si mtu wa kuacha kichwa cha samaki kwa ajili ya mgeni. Alikimaliza, akanawa, ndipo akajibu.

"Mama, nitakuja Ijumaa saa sita mchana. Mahindi yawe yamekauka na yajaze lori. Nikikuta halijai, sipakii hata mfuko mmoja. Nageuza naenda zangu Tororo."

Njia nzima ya kurudi Madina alikuwa akihesabu mifuko kwa vidole. Lori lingejaa, lakini tu kama mifuko yake ishirini ingekuwemo. Na yeye alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya mashine, foleni ambayo kwa kawaida ilichukua wiki tatu. Zilibaki siku sita.

Hapo ndipo Busiu ilipoona mambo. Alfajiri ya Jumamosi Madina alikuwa mlangoni kwa Andrew, mwendesha mashine, akimshika mkono wakati Andrew bado anatafuta mkono wa pili wa shati. Andrew alizoea kunywa chai kwa kila anayempukuchulia, kikombe kimoja na hadithi mbili. Madina akabeba chupa ya chai mwenyewe, na Andrew akajifunza kunywa huku anaswaga ng'ombe wawili wanaovuta mashine. Aliyekutwa hajamenya mahindi yake alipigiwa kelele za Kiswahili mpaka mbwa wake wakajificha. Geresom mwenyewe, kwa cheo chake sasa karibu na mkia, alikutwa na nusu ya mahindi bado yana maganda.

"Afande, nipe dakika kumi," akasema, na alisema bila utani.

"Nakupa tano."

Basi jina likamganda. Afande Madina. Lakini tusidanganyane: hakuwa akikipenda chama hata kidogo. Alikuwa anakisukuma kitoke njiani afikiwe yeye.

Alhamisi adhuhuri mashine ikaingia uani kwake. Juu ya mlima Wanale wingu lilikuwa zito na jeusi. Rajab akaanza kutoa mahindi chumbani, na Andrew akapaka mnyororo mafuta. Madina akafungua daftari atie alama mbele ya jina lake, ayamalize. Ukurasa ukawa mzito mkononi. Zilikuwa kurasa mbili, zimegandana kwa chai ya Andrew yenye sukari nyingi. Akazibandua. Katikati palikuwa na jina moja.

Nangila. Yule mama anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito, aliyelala na malaria wiki nzima, hivyo hakuna aliyemwona wala aliyemkumbuka. Mifuko yake yote haizidi mitano.

Madina akatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Lori lingejaa bila mifuko ya Nangila. Bila mifuko yake mwenyewe lisingejaa, na chama kizima kingelia. Kwa hiyo hata kwa faida ya wote ilikuwa afadhali kunyamaza, sivyo? Aliligeuza jambo hilo kichwani, akaona ni zuri mno, na uzuri wenyewe ukamtia wasiwasi. Maana ndivyo hasa alivyofikiriwa yeye mwaka jana, na alikumbuka harufu ya nyumba yake mahindi yalipokuwa yakioza.

"Astaghfirullah!" akafoka. Akailaani malaria, akailaani chai, akamlaani Andrew na sukari yake. Kisha akasema, "Geuza ng'ombe. Peleka mashine kwa Nangila."

"Afande, nikivuka kijito na mvua hii ikanyesha, sirudi mpaka Jumapili."

"Nimekwambia geuza!"

Mashine ikaondoka. Madina akaingia ndani, akatoka na fimbo mbili, moja akampa Rajab. Wakajaza mahindi kwenye gunia, wakaanza kulipura. Mifuko ishirini, watu wawili, na mmoja wao mziba pancha. Alikuwa akilia huku anapiga, kwa hasira na kwa uchungu, na Rajab, kwa busara yake, akazidi kupiga.

Gunia la pili halijaisha, akasikia kelele njiani. Geresom alikuwa mbele, fimbo begani. Nyuma yake alikuja Wangila, na nyuma ya Wangila chama karibu kizima, na wote walikuwa wananung'unika.

"Huu ni uonevu!" mmoja akapayuka. "Mgongo wangu bado haujapona tangu Jumanne!"

"Lori lisipojaa tumekwisha sote," mwingine akajibu. "Piga, usihubiri."

Wakapura mpaka jioni, wakitukana mahindi, kanuni na aliyeileta. Mfuko wa mwisho uliingia ndani matone ya kwanza yakigonga bati.

Ijumaa Omollo akafika, akatia punje mdomoni, akaivunja kwa jino, akaitikia kwa kichwa. Mifuko mitano ya Nangila, iliyovushwa kijito vichwani mwa vijana, ikapanda. Ya Madina ikapanda mwisho kabisa, na lori likajaa mpaka turubai likakataa kufika pembeni. Lilipoondoka kuelekea Jinja, Madina akamgeukia Geresom.

"Nani aliwaambia mje kwangu jana?"

"Andrew alipita na mashine akielekea kijitoni, tukamuuliza kwa nini Afande amerukwa. Akatwambia yote."

"Mlikuja kwa sababu ya lori."

"Lori, ndiyo," Geresom akasema, akikuna shingo. "Lakini pia, Mama Shakira, umetutesa siku tano, na hukumwacha mtu. Sisi tulizoea kuteswa kwa upendeleo. Mahindi yako yangeoza tena, ungetuacha. Msimu ujao nani angetutesa vizuri hivi?"

Madina akalia pale pale barabarani, machozi yanatiririka mbele ya kila mtu, na hakusingizia vumbi. Alipomaliza akapangusa uso kwa mtandio, akamwambia Geresom kwamba ana turubai la chama tangu mwaka juzi, na analitaka kabla ya jioni, kavu, na limekunjwa.

"Ndiyo, Afande," Geresom akasema, akaenda kulitafuta.