Nilimshika Binti Yangu Kichwa Asitikisike

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya mnada wa Katesh, nilipomshika binti yangu kichwa kwa mikono yangu miwili ili asitikisike. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama. Tupa iliyosugua meno yake ilikuwa ya fundi, lakini mikono iliyoshika kichwa ni hii ninayoandikia. Kosa ni langu.

Jina langu sitalitaja. Binti nitamwita Emiliana, ingawa silo jina lake. Mke wangu hataki tena kulisikia jambo hili, kwa hiyo nakueleza wewe, ndugu msomaji.

Asili yetu ni Tlawi, kule juu Mbulu, kwenye baridi na chemchemi. Baada ya Uhuru, shamba la baba halikututosha tena ndugu wote, nikahamia Mogitu, chini ya Mlima Hanang. Emiliana alikuwa bado ananyonya. Baadaye tukawa kijiji cha ujamaa, tukachimbiwa kisima, tukacheza ngoma siku maji yalipotoka.

Mimi na mke wangu tulifika Mogitu meno yetu yakiwa yameshaota, meupe. Watoto waliokulia pale, wakinywa maji ya pale, waliota meno ya kahawia, kila nyumba, si kwangu tu. Hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo. Emiliana alicheka kwa mdomo wazi kuliko msichana yeyote niliyepata kumwona.

Aibu haikuwa yake. Aibu ilikuwa yangu!

Wazee wa kijana mmoja wa Tlawi walipokuja kumposa, dada yangu mkubwa alifuatana nao, kwa kuwa ndiye aliyewajulisha. Emiliana akaingia na chai, akapiga goti, akawaamkia mmoja mmoja. Dada yangu ni mtu wa utani. Akasema, "Mwanangu, cheka taratibu, wageni watadhani baba yako anakulisha udongo."

"Shangazi, udongo wa Mogitu ndio unaozaa mahindi mawili kwa shina," Emiliana akajibu. "Hamia kwetu nawe uulambe!"

Walicheka wote. Baba wa kijana alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi peke yangu sikucheka. Nilisikia jambo ambalo hakuna aliyelisema: kwamba nilimtoa mtoto kwenye maji mazuri, nikamharibu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi, na ole wangu na kichwa changu! Shule niliishia darasa la nne. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale kijijini, na mtu akitaka kujua kwa nini ng'ombe amevimba tumbo, au kwa nini mashine ya kusaga imezima, alikuja kwangu. Nilizoea kujibu.

Nilikuwa na kitabu cha elimu ya afya. Nikasoma kwamba jino lina ganda gumu kwa nje. Nikafikiri: sufuria ikishika masizi, mama anaisugua kwa mchanga, inang'aa. Kwa hiyo rangi ni masizi, na ganda ni sufuria. Ukurasa uliofuata ulieleza kilichomo ndani ya jino. Niliuruka. Niliona hauhusu rangi.

Pale mnadani, jirani na wauza kamba na kengele za ng'ombe, alikuwa amekaa mtu mwenye koti jeupe, chini ya turubai. Walimwita fundi wa meno. Alimtazama Emiliana mara moja.

"Mzee, hii ni kutu tu," akasema. "Nampitishia tupa hapa mbele, namfuta kwa dawa, binti anarudi nyumbani na meno kama maziwa."

Nikamhoji. Nilimuuliza amefanya kazi hiyo miji gani, tupa anaisafisha kwa kitu gani, itachukua muda gani, bei yake, na kama meno yatakuwa tayari kabla ya harusi. Alinijibu yote bila kusita. Nikaridhika na maswali yangu mwenyewe, nikajiona mtu makini. Nini kitafuata baadaye, sikuuliza. Kama tupa inaondoa kitu kisichorudi, sikuuliza.

Aliuliza Emiliana.

"Baba, hilo ganda likisuguliwa likaisha, litaota tena?"

Aliniuliza mimi, si fundi. Tangu mtoto, maswali yake nilijibu mimi. Fundi naye akanitazama nitasema nini.

Nikasema, "Jino ni mfupa, mwanangu. Mfupa hausikii maumivu. Kaa utulie."

Akakaa. Aliniamini, akakaa!

Tupa ilipoanza alinishika shati. Ilipofika jino la pili akasema, mdomo ukiwa wazi, maneno nusu nusu, "Baba, linasikia." Nikamkaza kichwa. "Baba, linasikia!" Nikamkaza zaidi. Meno manne ya mbele, ya juu. Kisha fundi akachovya kitambaa kwenye kichupa chenye harufu kama ya betri ya gari, akamfuta. Emiliana akapiga kelele, watu wa kengele wakageuka kutazama.

Yalikuwa meupe, sikatai. Tulipofika nyumbani mke wangu alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Mmemfanya nini mtoto?"

"Tumemsafisha."

"Mbona machozi?"

Wiki ile nilimtembeza binti yangu kwa majirani kama mtu aliyenunua redio.

Kisha akaanza kukataa maji ya kisima. Uji akausubiri upoe, na ukipoa sana nao unamuuma. Asubuhi alitoka nje amefunga khanga mdomoni, kwa sababu upepo wenyewe ulimchoma. Nilimwambia avumilie, kwamba ndivyo kupona kulivyo, kidonda kinachopona lazima kiwashe. Nani aliniambia hayo? Hakuna! Niliyatunga, nikayasema kwa sauti ya mwalimu.

Weupe nao haukukaa. Meno yakageuka manjano, mawili yakawa meusi kuliko zamani. Mdomo wa juu ukavimba, usaha ukatoka kwenye ufizi. Ndipo nikapanda naye basi kwenda hospitali Mbulu.

Daktari wa meno alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpole. Alimwinua mdomo, akautazama ufizi.

"Nani amefanya hivi?"

"Fundi," nikasema.

Emiliana alinitazama. Jibu langu hilo nalo naliungama hapa, kwa sababu pale sikuliungama.

Nikamweleza daktari habari ya sufuria na masizi. Hakunicheka, afadhali angenicheka. "Mzee," akasema, "rangi hii haikushika kwa nje. Iliingia na maji wakati jino linajengwa, kabla halijaota. Ganda likishaondoka halirudi, na chini yake jino liko hai, linasikia kila kitu."

"Ningekuja kwako kwanza, ungefanya nini?"

"Ningekwambia ukweli. Alama ikiwa nyepesi, pengine kuna la kufanya. Hizi nzito, kuzifunika ni kazi kubwa, nayo ina hasara zake na maumivu yake, na baada ya miaka unarudia. Meno haya yalikuwa mazima. Mimi ningemwacha acheke nayo."

Aling'oa mawili. Mawili mengine alisema tuyaangalie, huenda yakapona, huenda nayo yakawafuata wenzake. Safari hii nikauliza yote: pamba aing'ate mpaka lini, damu ikiendelea tufanye nini, chakula cha moto lini, maji ya chumvi asukutue kuanzia leo au kesho, dalili gani ikitokea turudi. Alinijibu kila moja, akinawa mikono.

"Maswali mazuri hayo, mzee," akasema. "Umechelewa nayo."

Harusi ikasogezwa mbele. Kijana alipokuja kuuliza sababu, alimwona mchumba wake, kisha akanigeukia. Aliniamkia kwanza, kwa heshima zote. Halafu akasema, "Baba, mimi nilimchumbia na meno yake. Nani alilalamika kwenu?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Halikuwepo.

Walioana. Siku ile Emiliana alikaa na khanga mdomoni kutoka kanisani hadi jioni. Dada yangu akajaribu utani wake, hakuna aliyecheka. Fundi yule sikumwona tena mnadani, nami kusema kweli sikumtafuta sana. Ningemwambia nini? Alisugua tu. Aliyejibu swali ni mimi.

Sasa ana mtoto anayesema sana. Majuzi walinitembelea, mtoto akaniuliza kwa nini mlima una wingu juu asubuhi. Jibu ninalo. Kabla sijafungua mdomo, Emiliana akamvuta kwake, kiganja kikiwa kimefunika mdomo wake mwenyewe kama siku zote, akamwambia, "Ngoja, tutamuuliza anayejua."

Hakusema kwa hasira. Ndivyo anavyomlinda mwanawe.

Wewe unayesoma, kabla mtu hajagusa jino lako, hata akiwa na koti jeupe kuliko la huyo wangu, mwambie akueleze kitu gani kikiondoka hakirudi, kitauma muda gani, na kazi ikiharibika atapatikana wapi. Akibabaika, inuka uondoke. Na mwanao akiuliza swali usilolijua, sema hulijui! Haliui mtu neno hilo.

Daktari yule hakututoza hata senti. Hospitali ya serikali ilikuwa bure. Siku ile ya mnada nilijua kwamba yupo. Lakini nauli ya basi, watu wawili, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kuuliza tu, niliona ni hasara. Hiyo ndiyo niliyoiokoa: shilingi thelathini na sita.