Kaseti Niliyompelekea Baba Mkwe

Heri ningekataa. Mpiga video aliponiambia, tukiwa kwenye saluni moja ya Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, kwamba Jumapili atanizungusha mji mzima na kunirekodi nimevaa kama bosi, pale pale ningesema hapana. Nilisema bon, twende.

Baba mkwe wangu alikuwa ametuma ujumbe kwa mdomo wa msafiri kutoka Lubumbashi. Mke wangu na mtoto wetu walikuwa wakiishi kwake tangu nilipoondoka, na mzee alichoka kuulizwa na majirani mume yuko wapi. Nimwonyeshe kwamba niko hai na nina maisha, la sivyo angerudisha mahari na binti yake aolewe na mwingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalala chumba kimoja na wanaume wengine kule Anderlecht, napakua masanduku ya mboga kwenye ghala, na karatasi zangu za kuishi Ubelgiji zilikuwa hazijatoka. Ningeweza kumwambia hivyo. Lakini kila mtu Matonge alituma kaseti nyumbani, na katika kaseti hizo sijaona hata mmoja akipakua mboga.

Jumapili ikaja na jua, kitu ambacho Brussels haitoi ovyo. Suti ya rangi ya maziwa niliazima kwa tonton, mzee mmoja wa kanisani, viatu vya ncha na kofia nilipewa na kinyozi, na tai tuliinunua asubuhi kwenye soko la Gare du Midi, kati ya wauza zeituni na moshi wa kuku wa kuchoma. Mpiga video, kijana mrefu wa Bukavu aliyezoea kurekodi harusi, alinitazama nikikatiza barabara, akashusha kamera.

"Vieux, inua kichwa. Unatembea sawa muntu anaogopa contrôleur wa tiketi."

"Ni viatu. Vinaniuma."

"Maumivu haionekanake mu kaseti. Alors, tembea."

Nikatembea. Miaka yote niliyokaa katika mji ule nilikuwa najua ghala, kanisa na Matonge. Grand-Place nilikuwa naisikia tu. Tulipotokea uwanjani kutoka kwenye kichochoro chembamba chenye harufu ya sukari iliyoungua, nilisimama nikasahau kamera. Nyumba zilikuwa zimepakwa dhahabu hadi kwenye vipaji vya nyuso, na mnara wa jumba la mji ulikuwa umechongwa kama kitambaa cha kufuma. Nilikuwa nimekula baridi ya mji huu bila kujua kwamba una uso kama ule. Mama mmoja mtalii akaniomba, kwa ishara, apige picha na mimi. Nikasimama wima kando yake.

"Anazani weye ni ambassadeur," kijana akasema.

"Na weye dereva wangu. Nyamaza."

Kutoka pale tulishuka hadi kwa yule mtoto wa shaba anayekojoa. Nilitarajia sanamu kubwa, nikakuta kadogo kuliko mwanangu, kamezungukwa na watu kama waziri. Nikaigeukia kamera. "Mutoto huyu anakojoa mbele ya batu, na banamupiga picha. Kwetu angepigwa fimbo." Kijana alicheka mpaka picha ikatikisika, na tukaiacha hivyo hivyo.

Mtaa wa juu, mbele ya nyumba yenye mlango mkubwa wa kijani, palikuwa na gari jeusi linalong'aa. Kijana akaniambia niliegemee. Nilikuwa nimeweka kiwiko tu, mzungu mzee akatoka mlangoni na mbwa wake. Nikajua tumekwisha. Akauliza tunafanya nini, kijana akamjibu kwa Kifaransa kwamba ni kwa ajili ya familia kule nyumbani. Mzee akatuangalia, akaangalia suti yangu, akatoa ufunguo na kunifungulia mlango wa dereva. Nilikaa kwenye kiti cha ngozi, mikono kwenye usukani, nyuma yangu ule mlango wa kijani umeachwa wazi. Sijawahi kukaa vizuri hivyo tena.

Tulimalizia kwenye uwanda wa mbele ya jumba kubwa la mahakama, mahali ambapo mji wote unalala chini yako. Niliona mapaa, minara ya makanisa, na mbali kabisa mipira ya chuma ya Atomium. Upande wa kushoto nilitambua maghorofa ya kwetu Anderlecht. Kutoka kule juu hata yenyewe yalipendeza. Nilivua kofia, nikasema na mke wangu kana kwamba yuko ndani ya kamera: "Mama ya mutoto, mji huu wote nitakutembeza." Hilo halikuwa la kuigiza. Nilirudi nyumbani na malengelenge miguuni, nikiimba ndani ya metro.

Kaseti ilifika. Baada ya majuma machache nilipiga simu, akapokea baba mkwe mwenyewe.

"Tulikuona, beau-fils. Avenue muzima ilikuja kuangalia. Batu balipiga makofi."

"Asante, papa."

"Bon. Sasa muntu mwenye motokari ile na nyumba ile, bibi yake anangoja nini huku kwangu?"

"Nitamuleta, papa."

"Lini?"

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Kumpa jibu kulihitaji nimtaje mzungu na mbwa wake, tonton na suti yake, na mtaa mzima ulikuwa umeshapiga makofi.

"Donc haumutaki," akasema, bila hasira. "Kama ungekuwa masikini, ningekungojea."

Karatasi zilipotoka, mahari ilikuwa imesharudishwa kwa kaka yangu. Mke wangu aliolewa na mfanyakazi wa reli, akazaa naye, na mwanangu alikua akimwita yule bwana papa. Mimi sikuoa tena. Nimezeeka peke yangu.