Mtungi Juu ya Kaburi

Jana sokoni Mwembesongo muuza vyungu alimimina maji kwenye mtungi mpya, kunionyesha kwamba hauvuji. Ikapanda ile harufu ya udongo na moshi, nikabaki nimeduwaa.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi kule milimani. Siku tuliyomzika, mama mkubwa aliubeba mtungi wake, ule ambao sisi watoto tulikatazwa hata kuuegemea, akaufudikiza juu ya kaburi. Kisha akashika jembe, akautoboa kitako. Nilihisi kama amempiga bibi mwenyewe.

"Mama mkubwa, unauvunja mtungi wa bibi!" nilipiga kelele.

Hakugeuka. "Mtungi ukiwa mzima utabaki huku na sisi, mwanangu. Sasa yeye huko aliko achotee nini maji?"