Picha Iliyobaki Mbagala kwa Mtani Wangu

Niliondoka Ilala siku ya Alhamisi kwa sababu ya nafasi tupu, upana wa viganja viwili, iliyokuwa katikati ya picha yangu.

Kazi inayonilisha ni kuandika vibao vya maduka. Lakini jioni, nikishanawa rangi, huwa na kazi nyingine ambayo mke wangu huiita wazimu. Juu ya ubao wa sanduku la majani ya chai nilikuwa nimebandika, kwa gundi ya unga wa muhogo, watu wa mji huu wameketi msibani kwenye mkeka mmoja. Mkeka wenyewe ni ukili wa kweli, na sufuria ni bati la debe. Kila mtu nilimvika kitambaa nilichopewa na mtu wa kwao: Mmanyema kipande cha kanzu, Mngazija ncha ya koti, Mgogo kaniki, Mhindi wa dukani baki la doti ya kanga. Aliyekosekana ni Mzaramo, mwenye mji. Kila jirani Mzaramo niliyemwomba alinijibu vilevile: "Weye wa kuja, utatuchora sie?" Na Jumamosi palikuwa na onyesho la kazi za mikono kwenye ukumbi wa jumuiya, na msimamizi alikuwa ameniahidi ukuta wa mbele. Nilitaka, tena nilitaka sana, siku hiyo niache kuitwa fundi vibao. Wiki nzima nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kibwana, Mzaramo ninayefanya naye kazi, ndiye aliyenituma. "Nenda Mbagala kwa shangazi yangu Bi Mwavua," aliniambia. "Ila uibebe na picha yenyewe. Yule hakupi kitu kabla hajaona."

Asubuhi, pale mtaa wa Gerezani, lori lililokuwa likienda kuchukua nazi lilinipakia mpaka Temeke. Nilikaa nyuma nimeukumbatia ubao, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nilimpigia dereva kelele apunguze mwendo, kisha barabara iliponyooka nikampigia kelele aongeze. Temeke walikuwa wakijenga nyumba mpya za serikali, zimepangwa mistari, hujui ya nani ni ipi. Hapo dereva alinishusha. Nadhani alikuwa amenichoka.

Kutoka Temeke nilishika Barabara ya Kilwa kwa miguu, ubao nimeufunga kwenye gunia na kujitwika kichwani. Watu wa njiani hawakuniacha. "Fundi, unauza mlango?" aliuliza mmoja. Mwenzake akamjibu, "Si mlango, huyo kahama na ukuta."

Nilipofika mtaa wa Mtoni, mama muuza mihogo ya kuchoma alinikaribisha kigogo nikae. Nilikula nimesimama. "Unafukuzwa?" aliniuliza. Nikamwambia nina haraka. "Haraka haraka haina baraka," alisema, akanifungia kipande kingine cha muhogo kwenye jani.

Mbagala nilifika kabla ya adhuhuri, nimelowa jasho. Nyumba ya Bi Mwavua iko nyuma ya mikorosho, ina baraza pana, na barazani walikaa wanawake wanasuka ukili. Yeye nilimtambua bila kuonyeshwa, maana wengine wote walikuwa wakimsikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi na zigo lote hilo?"

"Ilala. Kibwana kanituma."

"Na kwenu hasa ni wapi?"

"Tabora, bibi. Mie Mnyamwezi."

Bi Mwavua aliurusha ukili wake chini. "Mnyamwezi! Jamani, mtani wangu huyu! Nilijiuliza nani anapita na mzigo kichwani jua hili, kumbe mpagazi! Hata Mzungu hayupo, anajibebea mwenyewe kwa mazoea!"

Baraza zima lilicheka. Nami ningepaswa kucheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mtani akikutukana unamrudishia, akichukua kitu chako unakikomboa kwa maneno, na mambo yanaishia hapo. Nilikuwa nikiyajua haya yote. Lakini akili yangu ilikuwa Jumamosi.

Nilifungua gunia nikawaonyesha. Walisogea karibu. Bi Mwavua alimgusa kila mtu kwa kidole, akimtaja: huyu Mmanyema, huyu Mngazija. Alipofika kwenye nafasi tupu nikamweleza shida yangu. Aliubeba ubao, akaingia nao ndani, akarudi mikono mitupu.

"Nimeuteka," alisema. "Sema maneno mazuri, mtani, nikusikie."

"Bibi, tafadhali, ulete. Nina kazi nao."

"Maneno hayo? Hata mbuzi wangu anasema zaidi."

Hapo nilipandwa na hasira. Nilipiga teke gunia, nikasema kwa sauti ya juu kwamba sikuja kuchezewa, kwamba ile ni kazi yangu ya miezi, anipe niende zangu.

Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wa wanawake alishika mdomo. Bi Mwavua alikaa chini polepole, akaokota ukili wake.

"Mtani kakasirika," alisema. "Mmesikia nyote? Mtani hakasiriki. Akikasirika, analipa. Basi kile nilichokiteka kwa mchezo sasa ni faini. Ni changu."

Hasira hasara, wanasema wenyewe. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, kichwa nimekiinamisha, nikaona ukuta wa mbele wa ukumbi ukiniponyoka. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Bi Mwavua aliagiza nipewe wali kwa samaki, akaningoja nimalize.

Kisha aliutoa ubao, akauweka baina yetu. "Nilitaka nikuulize, ukaja juu. Weye uko wapi humu?"

"Mie ndiye mwenye kuchora, bibi."

"Nimeuliza uko wapi. Watu wote wamekaa msibani, weye umesimama nje unawatazama. Ndiyo maana wenzangu walikunyima. Nani atampa nguo yake mtu asiyeketi?"

Bi Mwavua alichana ncha ya kanga aliyojitanda, akanipa. Halafu akanipa mkasi, akanielekeza kwa kidevu mfuko wa shati langu. Niliukata. Alipika gundi mwenyewe. Nilimbandika yeye katikati, na nilipouliza nijiweke wapi, akasema, "Mpagazi nyuma yangu, unishikie mwavuli."

"Nitakushikia," nikamjibu, "maana Mzaramo akishaisikia ngoma, mwavuli atausahau kwenye mvua."

Baraza liliangua kicheko, naye akanipiga mgongoni. "Sasa umekuja," alisema.

Nikadhani nimesamehewa. Wapi! Faini ni faini. Nililala kwake, na kesho yake asubuhi, nilipoaga, picha ilikuwa imetundikwa juu ya mlango wake. "Ukiitaka," alisema, "siku nikifa njoo matangani uinyang'anye. Watani kuchukua kitu cha marehemu ndiyo haki yenu."

Nilirudi kwa njia ileile, kichwa kitupu, shati halina mfuko. Jumamosi nilikwenda ukumbini kama mtazamaji. Ukuta wa mbele walitundika vikapu, na iliniuma.

Tangu hapo Wazaramo wa mtaani hunisimamisha wenyewe. Wameiona picha kule Mbagala, wanataka kujua kwa nini mjomba wao hayumo. Nina ubao mwingine, nao unajaa, na safari hii nilianza na mimi.

Juzi Kibwana aliingia kazini amekunja uso. "Shangazi aliugua sana," alisema. Brashi ilinidondoka, nikamshika mkono nikimuuliza yu hali gani.

"Kapona. Kasema nikwambie, bado hujaipata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Picha ile niliililia, na naomba Mungu anicheleweshee kuipata.