Meno Yaliyosuguliwa kwa Majivu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Darasa nililiacha mapema, lakini mashine zangu zote za kusaga nimezifunga mwenyewe. Ila leo nimefungua kopo la oili nzito, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Iyula.

Baba alikuwa anafunga giaboksi, lile sanduku la magurudumu yenye meno, ya mashine yetu ya kwanza ya kusaga. Pesa yote ya kahawa ilikuwa imeishia humo. Alivuta kamba kunyoosha shafti, chuma kirefu cha kuzungusha mashine, akaweka sahani ya maji juu aone kama imelala sawa, akakaza nati, akajaza oili, akaenda kula. Aliporudi akashika mpini awashe injini. Nikanusa. Harufu ya oili haipo!

"Baba, usiwashe!"

Akafunua kifuniko. Meno yanang'aa kama sufuria ya harusi.

"Dada, oili iko wapi?" akamuuliza shangazi yangu aliyekuwa anasafisha hapo.

"Uchafu ule?" shangazi akajibu, majivu bado mkononi. "Nimemwaga, nikasugua. Unataka tule ugali mweusi?"

"Yakizunguka makavu yatasagana yenyewe!"

"Basi yapake siagi!"

Majirani waliokuja kuiona mashine walicheka mpaka wakakaa chini. Baba akanibeba mabegani. Jioni mashine ilinguruma, nami nikacheza nimejaa unga wa moto. Oili mpya ilinunuliwa kwa pesa ya jogoo wangu aliyeuzwa mchana ule: shilingi mbili na senti hamsini.